Wamemrudisha!

Kwanza tuwekane sawa: sikuzimia. Yule shoga yangu aliyerusha video kwenye stetasi yake ameandika "mwenzenu kazimia mbele ya wakwe," na hivi ninavyoandika mama mkubwa wa Singida kashapiga kuuliza kama nimeruhusiwa kutoka wodini. Wodi gani? Nilikuwa macho makavu. Tena ningezimia ningeshukuru, maana aliyezimia haulizwi kitu.

Halafu video yenyewe imeanzia katikati, pale ninapopiga ukelele. Kilichonipigisha ukelele hakionekani, ndiyo maana wote mnaniona mwehu. Chukueni kisa chote, mcheke mkiwa na taarifa kamili.

Mnaonifuata hapa mnazijua tabu zangu. Ya kwanza ni riwaya: za kihistoria na za kutisha, na zikichanganyika humo humo ndiyo usiku silali. Majini ya kubuni hayanisumbui sana, ukifunga kitabu nayo yanabaki ndani. Kinachonitoa jasho ni yale yenye tarehe. Ukishasoma kwamba pale Songea, 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Maji Maji zaidi ya 60 kwa siku moja, utafunga kitabu kipi? Mahali penyewe papo, makaburi yapo, watu wanapita wakienda sokoni. Tabu ya pili ni kucheza. Muziki ukilia miguu yangu haiombi ruhusa. Nimeishi na mambo haya mawili kwa amani kwa sababu hayakuwahi kukutana. Yamekutana Jumamosi, Bagamoyo, kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa mjomba anayeolewa.

Mimi nailaumu kamati. Waliniacha mchana kutwa sina kazi. Wenzangu wamejazana saluni, mimi huyo nikajikatia bodaboda mpaka misheni ya Wakatoliki, ile iliyoanzishwa 1868. Pale pana mbuyu uliomeza mnyororo. Sitanii. Mnyororo ulifungwa kwenye mti zamani, mti ukanenepa, sasa chuma kimezama shinani na kilichobaki nje ni kipande kidogo tu, unaweza kukigusa. Nilikigusa. Na pana mnara ambamo mwili wa Livingstone, yule mmisionari Mskoti aliyezunguka Afrika, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar, na kutoka huko kupelekwa Uingereza.

Basi nikakaa kivulini na simu yangu, nikaanza kuisoma upya safari ile. Kwa msioijua: mzee alifariki Mei 1873, huko ambako leo ni Zambia. Watumishi wake, Susi na Chuma, na wenzao hawakutaka kumwacha porini. Wakatoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kama wiki mbili. Wakaukunja miguu mzigo uwe mfupi, wakauviringisha kwa kitambaa na gome la mti, wakautundika kwenye boriti, mabegani, safari. Miezi tisa kufika pwani. Na kuna mahali njiani watu walikataa maiti isipite kwao, basi wakajifanya wameirudisha ikazikwe ilikotoka, kumbe wameifunga upya ionekane mtumba wa vitambaa. Mtumba! Mtunzi gani wa riwaya za kutisha angethubutu kubuni hilo?

Nikarudi kuvaa gauni la kamati kichwa kimejaa vitu hivyo. Gauni la rangi ya zambarau, refu, pindo linafagia. Mlikumbuke hilo pindo.

Mezani tuliwekwa karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo ndugu wa mbali huwekwa wasikie harufu mapema na wahudumiwe mwisho. Wakati tunasubiri chakula nikawasimulia. Nikafika pale pa chumvi. Shoga yangu, huyu huyu wa stetasi, akaweka sambusa chini. "We, tumekuja kula hapa." Nikamwambia ngoja nimalizie miguu. Akaomba kuhamia meza nyingine, hakupata nafasi. Nadhani kisasi kilianzia hapo.

Kisha DJ akaweka kwaito.

Msio wa Tanzania, kwaito ya harusini kwetu ni ule uchezaji wa mistari: ukumbi mzima mnasimama safu safu, hatua kulia, hatua kushoto, teke, mnarudi nyuma, halafu wote kwa pamoja mnageuka robo mnautazama ukuta mwingine. Mji wa Bagamoyo una chuo cha sanaa, TaSUBa, watu wanasomea ngoma mpaka wanapewa cheti. Mimi nimesomea harusini, na kwa kwaito siongopi, huwa nawekwa safu ya mbele watu wanifuatishe. Raha yake ni kwamba haihitaji akili. Hasara yake ni hiyo hiyo, akili inabaki huru kuzurura. Yangu ilikuwa imerudi kwenye ile miguu: waliikunjaje? Kwenye magoti tu, au na kiuno pia?

Wote wakageuka. Mimi sikugeuka.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo heshima yangu ilipozikwa.

Ukumbi mzima unatazama jukwaa. Mimi peke yangu, nimewapa mgongo, nautazama mlango wa jikoni, tena kwa karibu. Pembeni yangu amesimama MC na kipaza sauti chake. Muziki unakatika ghafla. Taa zote zinazimwa. Mwenye akili zake angejua ni mbwembwe za MC, si ndiyo kawaida? Ila nani aliwahi kuwa na akili zake gizani, Bagamoyo, baada ya mchana kama ule?

Mlango unafunguka. Moshi unatangulia, ule mweupe wa kukodi, unatambaa sakafuni unakuja miguuni kwangu. Ndani ya moshi wanatokea wanaume wanne wamevaa nyeupe tupu. Hawasemi. Wanatembea kwa hatua moja, polepole, na mabegani wamebeba kitu kirefu juu ya ubao. Kitu kimekunjwa miguu. Nimesema kimekunjwa miguu! Ngozi imekauka, imekuwa ya kahawia, inang'aa. Harufu ya chumvi na moshi inanifikia kabla yao.

Nikajisemea, hapana, si kweli, tulia. Moyo ukajibu kwa lugha yake.

Pale pale fataki zikawashwa ubaoni, mbili, huku na huku, na kwenye ule mwanga nikaona kichwa. Kimeinuliwa. Kinanitazama mimi. Mdomoni kimebana jani.

Jani ndilo lililonimaliza. Sijui kwa nini. Ningevumilia vyote, jani hapana.

"WAMEMRUDISHAAAA!"

Jamani, ilikuwa kimya. Kimya kile DJ anachokiacha makusudi kabla ya kupiga ngoma za kumpokea ndafu. Na kipaza sauti cha MC kilikuwa hapa, kwenye sikio langu. Ilitoka kwenye spika za mbele, ikatoka kwenye spika za nyuma, ikatoka kwenye zile walizofunga nje kwa ajili ya watoto na madereva. Naamini na waliokuwa ufukweni walisikia.

Nikakimbia. Yaani sikuamua, nilijikuta niko njiani. Hatua ya tatu nikalikanyaga pindo, nikaenda kwa magoti na viganja, nikaona kitambaa cheupe kinaning'inia mbele yangu nikaingia chini yake. Ilikuwa meza kuu ya wakwe. Nikatokea upande wa pili, katikati ya miguu ya watu, taa zikawashwa. Nikainua uso. Uso wangu na uso wa shangazi wa bwana harusi mtarajiwa, umbali wa sahani.

Nikafanya alichofundishwa kila mtoto aliyelelewa. "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alikuwa ametoa macho. Akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Karudishwa nani?"

Ndipo nikaelewa. Ninyi mlioshinda mnacheka hamjafikiria hilo bado. Sendofu. Binti anaagwa kwao kwenda kuolewa. Upande wa mume umesafiri kutoka Moshi, mahari wamelipa, vikao wamekaa. Taa zinazimwa, na sauti ya mwanamke wa upande wetu inatangaza kwa spika zote kwamba wamemrudisha. Nyuma yangu mjomba wao mmoja alikuwa keshasimama anafunga kifungo cha koti: "Tulikubaliana vizuri tu, mahari haikubaki hata shilingi, nani tena analeta maneno?" Mama wa binti kajishika kichwa. Binti mwenyewe, ambaye hata hakuwa ameingia ukumbini, akachungulia mlangoni kuuliza anarudishwa kwa kosa gani.

MC, Mungu ambariki, akashika kipaza sauti: "Ndugu zangu, tulieni. Hakuna aliyerudishwa. Ni mbuzi."

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Wapishi walisimama na ndafu wao mabegani muda wote huo, fataki zikawaishia. Mjomba alinitazama jicho moja tu likatosha. Nikapewa trei ya soda nikawapigie magoti wakwe kuomba radhi, nikaanzia kwa shangazi kwa sababu ndiye niliyemtokea miguuni. Nikamweleza yote, mnara, boriti, chumvi, mtumba. Nilitegemea anifukuze. Akavuta kiti.

"Alifika kwao?"

Alifika, nikamwambia, alizikwa London Aprili 1874, na huko madaktari walimtambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, simba aliuvunja zamani.

Akaguna. "Basi huyo wako ana bahati. Sisi ni wa Old Moshi. Chifu wetu, Mangi Meli, Wajerumani walimnyonga 2 Machi 1900, wakakata kichwa, wakaondoka nacho. Huyo ndiye ungepiga kelele kwamba wamemrudisha, ningekimbia na mimi, kwenda kumpokea."

Nikasahau kama nimepiga magoti. Soda zikapoa, sijui zikachemka, sikuziangalia. Ananieleza ule mti ambao wazee wanauonesha mpaka leo kuwa ndipo aliponyongwa, mimi nauliza, ananieleza, mpaka mama akaja kunivuta kwa mkono wa gauni, akidhani bado nagombezwa. Ndafu akaliwa, sikupata hata ubavu. Kwaito ikarudiwa, nikacheza safu ya mwisho, na nilipokosea kugeuka ukumbi mzima ulinipigia makofi.

Harusi yenyewe ni Jumamosi ijayo. Kamati imekaa bila mimi na kunipangia kazi ya kupokea zawadi, nje, getini, mbali na jiko na mbali na kipaza sauti. Shoga wa stetasi kafurahi sana. Hajui kwamba asubuhi hii shangazi wa bwana harusi kawapigia kamati, kasema na yeye akawekewe kiti getini.