Baba Mkwe na Ukungu wa Bafuni

Umerudi. Nimeingia bafuni asubuhi hii jicho moja bado limelala, nikainua uso, nikaukuta pale pale kwenye kona ya dari, mweusi tii. Safari hii umekuja na watoto wake. Na hazijapita hata wiki 3 tangu niupake rangi nyeupe, nikarudia mara ya pili kwa moyo safi kabisa.

Rangi yenyewe niliipaka kwa sababu baba mkwe alikuwa anakuja. Unajua mwenyewe nyumba inavyong'aa kwa unafiki mkwe akitarajiwa. Mzee akafika, akapumzika, akaomba kunawa mikono. Dakika 5. Dakika 10. Sebuleni kimya, tunatazamana kama watahiniwa. Ndipo ikasikika sauti: "Mwanangu, hebu njoo huku mara moja."

Sasa mkwe akikuita bafuni unatanguliza mguu gani? Nilipiga hodi kwenye mlango wa bafu langu mwenyewe.

Nikamkuta kasimama juu ya kigoda, mikono ya shati kaikunja, ukucha uko darini. Akakwangua kidogo tu. Rangi yangu ikabanduka, ikaning'inia kama ngozi ya kidonda, na nyuma yake, yule yule.

"Umemvisha shati jeupe," akasema. "Hujamfukuza."

Akashuka, akachana kipande cha karatasi ya chooni, akakibandika kwenye feni ya kutolea hewa. "Washa." Nikawasha. Feni yangu ikinguruma utadhani ndege inapaa. Karatasi ikaachia, ikashuka taratibu, ikatua kwenye bega la mzee.

"Mdomo inao. Pumzi haina."

Tulipofungua kifuniko chake, vumbi lililotoka mle lingetosha kujaza mto wa kulalia.

"Na huwa mnaizima saa ngapi?"

"Mtu akitoka tu, mzee." Nilijibu kwa fahari, maana bili ya umeme nalipa mimi. Akanitazama kama nimekiri wizi. Kumbe mtu akishatoka ndipo mvuke unapotafuta pa kulala. Feni iachwe izunguke kama dakika 30 nyingine, au dirisha liwe wazi. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba dirisha lile limekwama tangu tuhamie. Akalisukuma kwa kiganja kimoja. Likafunguka! Jamani, likafunguka, mke wangu amesimama mlangoni anaona.

Mzee alishaondoka, ila sheria zake zimebaki. Pazia la kuogea lisirundikwe pembeni, livutwe lote likauke, kwa sababu ukungu unapenda mikunjo. Kizulia cha mlangoni kianikwe. Chupa za shampuu zisikae kwenye madimbwi. Na kila anayeoga apanguse vigae kwa kile kifutio cha mpira, juu kushuka chini, kama anafuta kioo cha gari. Mimi na mvi zangu nasimama uchi, natetemeka, naukausha ukuta kabla sijajikausha mwenyewe. Watoto wanafuta mpaka usawa wa kitovu, wanasema huko juu ni kwa baba. Shemeji yangu anaoga maji ya moto mpaka kioo kinatoa machozi, halafu anatoka na wimbo. Ukimuuliza, alidhani ni zamu yako.

Basi leo nikasema yaishe. Dawa ya klorini mkono huu, siki mkono huu, nataka nizimimine zote kwenye ndoo moja nimalize ubishi. Mke wangu alipiga ukelele ambao majirani wataujadili mwezi mzima. Hizo mbili zikikutana zinatoa gesi ya kuchoma mapafu. Nikanyang'anywa chupa moja, nikaachiwa siki na brashi. Nasugua. Nikishasugua nisubiri pakauke kabisa, ndipo rangi. Mara ya kwanza niliruka hizo hatua 2 za mwanzo, nikaona ni za watu wasio na kazi.

Shingo imekakamaa, matone ya siki yananidondokea usoni, nanyoosha mkono nichukue taulo langu nyuma ya mlango. Limelowa chepechepe. Tena limekunjwa vizuri, limeninginizwa kama halijaguswa. Nimeuliza nyumba nzima nani katumia taulo langu. Hakuna anayejua. Shemeji hata hakuinua macho kwenye simu yake, na nywele zinamchuruzika maji mpaka kwenye kochi.