Hawthorne: Utu wa Mfanyakazi na Hesabu ya Mshahara

Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, alifundisha kwamba kazi igawanywe vipande, ipimwe kwa saa, na mtu alipwe kwa kadiri anavyozalisha. Jibu linalotajwa zaidi dhidi yake lilitoka kiwanda cha Hawthorne, mali ya Western Electric, kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu, huko Cicero, jirani na Chicago, palipofanyika majaribio kati ya 1924 na 1932.

Mwaka 1927 wanawake watano waliokuwa wakiunganisha relei (swichi ndogo za umeme) za simu walihamishiwa chumba chao, wakapewa mapumziko na chakula chepesi, huku mtafiti ameketi kando akiandika hata mazungumzo yao. Uzalishaji ulipanda, na jumla ya wiki haikuanguka hata nafuu hizo zilipoondolewa kwa muda. Elton Mayo wa Harvard na wenzake walihitimisha kwamba kilichowainua ni kuthaminiwa na kushikamana.

Hitimisho hilo lina uzito, kwani mtu anayetendewa kama mtu hufanya kazi kwa moyo, na Taylor hakulipa jambo hilo nafasi ya kutosha. Hata hivyo, Januari 1928 wawili kati ya wale watano waliondolewa, wakilaumiwa kwa kuzungumza mno na kutoshirikiana, na nafasi zao zikachukuliwa na wengine. Malipo nayo yalikuwa yamebadilishwa: awali bonasi yao ilitegemea jasho la kundi la watu zaidi ya 100, sasa ilitegemea jasho lao wenyewe. Kusifu upole wa msimamizi na kuyaacha mambo haya pembeni ni kuwanyima wanawake wale haki yao, kana kwamba hawakujua kuhesabu mshahara.

Ninavutwa zaidi na chumba kingine, cha wanaume 14 waliofunga, kulehemu na kukagua nyaya za mitambo ya simu kuanzia 1931. Walikuwa na kiwango chao cha siku, na aliyekizidi alipigwa ngumi ya mkono, karibu na bega. Watafiti waliona humo hisia za kundi kuliko hesabu, lakini wanaume hao walisema waziwazi kwamba wakizidisha, kiwango cha malipo kitashushwa au wenzao watapunguzwa. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Kiwanda kilikuwa kimewahoji wafanyakazi zaidi ya 20,000 kuhusu manung'uniko yao, na kusikilizwa huko kuliwapa wengi faraja ya kweli. Ila uamuzi wa nani abaki kazini haukuwahi kuwa mikononi mwao, na mwaka 1932 chumba kile kilifungwa kwa kukosa kazi.