Shabiki Naye Yumo Ndani ya Jalada

Tarehe 5 Desemba 2013, mwendesha mashtaka wa Tallahassee, makao makuu ya jimbo la Florida, Willie Meggs, aliwaita waandishi wa habari na kuwaeleza kwamba hatamfungulia kesi Jameis Winston, kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, kwa tuhuma ya ubakaji ambayo polisi walikuwa wameipokea mwaka mmoja kabla. Alisema ushahidi aliokuwa nao usingetosha kumtia mtu hatiani. Mkutano huo uligubikwa na vicheko na utani, na wengi walioutazama kwenye televisheni walishangaa jambo zito kama hilo kuzungumzwa kwa namna ile. Siku tisa baadaye Winston alikabidhiwa tuzo ya Heisman, inayotolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa futiboli ya Kimarekani katika vyuo, na tarehe 6 Januari 2014 timu yake ikatwaa ubingwa wa taifa kwa kuishinda Auburn 34 kwa 31. Mashabiki wengi waliyachukua matukio hayo matatu kuwa tukio moja: kijana wetu ameshinda, na yule msichana aliyemlalamikia ameshindwa.

Winston ameikana tuhuma hiyo tangu mwanzo, akisisitiza kwamba yaliyotokea yalitokea kwa ridhaa ya wote wawili, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Sina nia ya kumhukumu. Ninaoandika habari zao ni watu ambao hawakuwapo usiku ule, hawajui chochote kuhusu yaliyojiri, lakini walikuwa na uhakika kamili kuliko polisi, mwendesha mashtaka na majaji: mashabiki.

Msomaji ambaye hajawahi kuishi Marekani anahitaji kwanza kuelewa uzito wa michezo ya vyuo huko, kwa sababu haifanani na michezo ya vyuo vyetu, ambako mechi kati ya kitivo na kitivo hutazamwa na marafiki wa wachezaji. Uwanja wa Tallahassee wakati huo ulichukua zaidi ya watu 80,000. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote, akiwamo gavana, ni kocha wa futiboli au wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu. Kuna miji midogo ambayo haina timu ya kulipwa, na timu ya chuo ndiyo fahari yake, ndiyo inayojaza hoteli na migahawa yake kila Jumamosi ya msimu, na ndiyo inayowarudisha wahitimu wake na pesa zao za michango. Mtu anazaliwa ndani ya mapenzi hayo, anavishwa rangi za timu angali mchanga, na anazikwa akiwa bado shabiki. Siyadharau mapenzi hayo. Ni ya kweli, na yamewapa watu wengi furaha na jamaa wa kushikamana nao. Lakini mtu anapofika mbele ya polisi na kumtaja mchezaji wa timu hiyo, mji mzima unakuwa na maslahi katika jibu litakalotolewa, na polisi wenyewe ni wakazi wa mji huo.

Kwa mujibu wa familia ya mlalamikaji wa Tallahassee, mpelelezi alimtahadharisha wakili wao kwamba huo ni mji wa futiboli na kwamba binti angeandamwa vikali na umma iwapo angeendelea na malalamiko yake. Uchunguzi uliochapishwa na gazeti la New York Times mwezi Aprili 2014 ulionyesha upelelezi uliojaa mapengo. Picha za kamera za baa alikokuwa binti huyo kabla ya tukio hazikupatikana, na sampuli ya vinasaba ya mtuhumiwa haikuchukuliwa hadi Novemba 2013, ingawa binti alikuwa amemtaja kwa jina mwezi Januari mwaka huo. Ofisi ya mwendesha mashtaka nayo ilipata habari za jambo hilo miezi kadhaa baada ya polisi kuliweka kando, na ni baada ya waandishi wa habari kuanza kuuliza maswali.

Sasa fuatilia mzunguko huo kwa makini. Hofu ya hasira ya mashabiki inamfanya mlalamikaji asite, inamfanya shahidi anyamaze, na inamfanya askari asiwe na haraka. Muda unapita, picha zinafutwa, kumbukumbu zinafifia. Hatimaye mwendesha mashtaka anafungua jalada na kulikuta jepesi, anatangaza kwamba ushahidi hautoshi, na shabiki yule yule ambaye kishindo chake kilichangia kulipunguza jalada hilo anainuka na kusema: mmeona? Hakukuwa na kitu. Watu huzungumzia kelele za mashabiki kama suala la adabu, kana kwamba tatizo ni matusi tu na dawa yake ni lugha ya staha. Kelele hizo zina madhara makubwa kuliko hayo, kwa sababu zinaingia ndani ya upelelezi na kubadili kile kitakachopatikana humo.

Mwaka 2010, mwanafunzi wa chuo jirani na Chuo Kikuu cha Notre Dame, Indiana, aliripoti kwamba mchezaji wa futiboli wa Notre Dame alimdhulumu kingono. Alipokea ujumbe wa simu kutoka kwa rafiki wa mchezaji huyo, ukimwonya asifanye jambo atakalolijutia na kwamba kuichokoza futiboli ya Notre Dame si jambo la busara. Siku chache baadaye binti huyo alijiua. Mchezaji hakushtakiwa. Ninachoomba msomaji azingatie ni kwamba aliyeandika ujumbe ule hakuhitaji kutumwa na kocha wala na uongozi wa chuo. Aliamini tu, kama wengi wanavyoamini, kwamba timu ni kubwa kuliko mtu mmoja, na kwamba anayeitaja timu kwa ubaya anastahili kuonywa.

Jambo linalonisumbua zaidi katika maneno ya mashabiki ni kukosa kwao kutofautisha mambo matatu: kwamba kosa halikuthibitishwa, kwamba kosa halikutendeka, na kwamba mlalamikaji alisema uongo. Mahakama ya jinai inadai uthibitisho usioacha shaka yoyote ya msingi, na ni haki idai hivyo, kwa kuwa inaweza kumnyima mtu uhuru wake kwa miaka mingi. Lakini kipimo hicho kinapokosa kufikiwa, hakimgeuzi aliyelalamika kuwa mwongo. Mara nyingi tukio lina watu wawili tu, hakuna shahidi wa tatu, na mwendesha mashtaka mwaminifu anaweza kuamini kila neno la mlalamikaji na bado akajua kwamba hataweza kulithibitisha. Mwezi Desemba 2014, jaji mstaafu aliyesikiliza shauri la nidhamu chuoni alimwondolea Winston lawama, akieleza kwamba ushahidi haukutosha. Mwezi Januari 2016 chuo hicho kilikubali kulipa dola 950,000 kumaliza madai ya binti huyo kuhusu namna chuo kilivyolishughulikia suala lake, bila kukiri kosa. Mashabiki walilishika la kwanza kama cheti cha usafi, na la pili wakalifanya ushahidi kwamba binti alikuwa akitafuta pesa tangu awali. Hapakuwa na matokeo yoyote ambayo yangewafanya waseme kwamba huenda alisema kweli.

Huko Waco, Texas, mambo yalikwenda mbali zaidi. Baylor ni chuo kikuu cha Kibaptisti ambacho timu yake, iliyokuwa ikidhalilishwa uwanjani kwa miaka mingi, iliinuliwa na kocha Art Briles hadi ikatwaa ubingwa wa ligi yake na kujengewa uwanja mpya kando ya mto Brazos, uliofunguliwa mwaka 2014. Mwaka huo huo mchezaji wake wa zamani, Tevin Elliott, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa ubakaji. Mwezi Mei 2016, baada ya uchunguzi wa kampuni ya mawakili kubaini kwamba chuo kilishindwa vibaya kushughulikia malalamiko ya unyanyasaji wa kingono, Briles aliondolewa. Viongozi wa bodi ya chuo baadaye walisema hadharani kwamba wanawake 17 walikuwa wamelalamika kuhusu wachezaji 19 tangu mwaka 2011.

Na mashabiki wakafanya nini? Tarehe 5 Novemba 2016, Baylor ilipocheza na majirani zao wa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Texas (TCU), fulana nyeusi zenye herufi CAB, zikimaanisha “Coach Art Briles”, yaani Kocha Art Briles, ziliuzwa nje ya uwanja, na baadhi ya watu wakazivaa hadi majukwaani. Mtu alichagua rangi, akapeleka kwa mchapaji, akalipa, akapanga meza, na wenzake wakapanga foleni kununua, wote wakijua kwamba miongoni mwa wanafunzi wa chuo hicho wamo wanawake waliolalamika. Hiyo haikuwa hasira ya ghafla ya mtu aliyefungwa dakika ya mwisho. Timu yao ilifungwa 62 kwa 22 siku hiyo, lakini hata kama ingeshinda, nisingeona tofauti.

Mwezi uliofuata, wachezaji wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitangaza kwamba hawatafanya mazoezi wala kucheza mechi yao ya mwisho wa msimu kwa sababu wenzao kumi walikuwa wamesimamishwa kufuatia uchunguzi wa chuo kuhusu tuhuma ya ubakaji. Mwendesha mashtaka alikuwa amekataa kufungua kesi, na kocha wao, Tracy Claeys, aliandika hadharani kwamba anajivunia vijana wake. Kisha ripoti ya uchunguzi, yenye kurasa zaidi ya 80, ikafika mikononi mwa umma. Mgomo ulikwisha baada ya siku mbili. Baadaye, taratibu za chuo ziliwaona baadhi ya wale kumi kuwa na makosa na wengine kuwa hawana, jambo ambalo lisingewezekana kama pande zote zingeendelea kusema kwa jumla kwamba wote ni mashujaa au wote ni wahalifu.

Najua jibu ambalo shabiki atanipa, nalo si jibu dogo: Duke. Mwaka 2006 wachezaji watatu wa lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu, wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, walishtakiwa kwa ubakaji ambao haukuwahi kutokea. Msimu wa timu yao ulifutwa, kocha wao akalazimika kuondoka, na watu wengi waliwahukumu kabla ya ushahidi kuonekana. Tarehe 11 Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa jimbo, Roy Cooper, alifuta mashtaka na kutamka kwamba vijana hao hawana hatia, na mwendesha mashtaka Mike Nifong, aliyeficha matokeo ya vinasaba, alipoteza leseni ya uwakili. Mwaka 2024 mwanamke aliyewashtaki alikiri kwamba alidanganya. Vijana wale walitendewa dhuluma, na anayewatetea wanawake akiwa mkweli lazima aseme hivyo bila kumung'unya maneno.

Lakini tazama kilichowaokoa. Waliokolewa na vinasaba, na kumbukumbu za saa na dakika zilizoonyesha mtu alikuwa wapi, na uchunguzi wa pili uliofanywa na ofisi isiyokuwa na maslahi katika matokeo. Kwa maneno mengine, waliokolewa na upelelezi makini, ule ule ambao hofu ya mashabiki inaudhoofisha kwingineko. Shabiki anayeamini kwa dhati kwamba mchezaji wake ameonewa anapaswa kuwa wa kwanza kudai kamera zikaguliwe siku hiyo hiyo, sampuli zichukuliwe mapema, na mashahidi wahojiwe kabla hawajakaa pamoja na kupanga maneno.

Vijana wetu nao wako ndani ya vyuo hivyo, wakiwamo wanariadha wa Kenya wanaokimbia kwa ufadhili wa masomo na wasichana waliotumwa na wazazi wao kwenda kusoma, na yeyote kati yao anaweza siku moja kujikuta upande wowote wa tuhuma kama hizi. Kwa hiyo ninachokiomba kwa shabiki ni kidogo na kinatekelezeka. Asitafute jina la mlalamikaji, na akilipata asilisambaze. Asidai kwamba jalada lililofungwa ni ushahidi wa uongo. Aendelee kuishangilia timu yake akitaka, lakini asiishangilie mbele ya mlango wa kituo cha polisi. Na ikiwa alikuwapo kwenye sherehe ile, au ni yeye aliyekuwa zamu nyuma ya kaunta ya baa, au analala chumba kimoja na mtuhumiwa, basi aende akaandikishe maelezo ya alichokiona, wiki hiyo hiyo, hata kama Jumamosi kuna mechi.