Watoto wasiohesabiwa

Hili la watoto kuzaliwa bila kuandikishwa linanikera sana, ndugu zangu. Hapa Busia, upande wa Uganda, mama anajifungulia nyumbani kwa mkunga wa jadi, mtoto anapewa jina, watu wanakula, basi. Serikalini hayupo. Ikifika siku ya chanjo ya surua, dozi zinaisha mapema na akina mama wanarudi na watoto mgongoni. Tunamfokea muuguzi! Afanyeje? Mahitaji hukadiriwa kwa idadi ya watu, na idadi inatoka kwenye sensa: ya 2014, kisha tukangoja hadi 2024. Hapo katikati vijiji vinakua, watoto wapya hawaandikishwi, na makadirio yanabaki nyuma.

Tena mtoto akifa kabla ya kuandikishwa, mara nyingi hata kifo hakihesabiwi. Malaria imemuua, takwimu ziko kimya, na wapangaji wanadhani kijiji kiko salama. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Siwalaumu wazazi. Sheria ya usajili wa watu ya 2015 inataka kila mtoto anayezaliwa aandikishwe, lakini ofisi iko mbali na nauli ya boda ni hela ya chakula. Nanyi wa serikali, mwandikeni mtoto palepale anapochanjwa. Mama ameshafika, kadi anayo mkononi, mnangoja nini?