Mita moja haitoshi ndani ya boti
Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema abiria akikaa mita moja mbali na anayekohoa hana la kuogopa, kwa kuwa matone ya mate huanguka chini. Yale mazito kweli huanguka, lakini yale madogo mno huelea kama moshi wa udi: unafukizwa chumbani, harufu anaipata aliye ukumbini. Mimi hupanda boti Mkoani, Pemba, kuja bandari ya Malindi, Unguja, karibu kila mwezi. Ukumbi wa chini madirisha hayafunguki, kiyoyozi kinazungusha hewa ile ile, na kusi likivuma hata mlango wa nyuma hufungwa. Safari iliyopita mzee mmoja alikohoa tangu tunang'oa nanga, tena kwa adabu, kajiziba kwa ncha ya kanga ya mkewe. Siku ya tatu nyumba yetu nzima mafua (siapi kuwa ni yeye). Huko Guangzhou, China, Januari 2020, katika mkahawa usio na madirisha, watu 10 wa familia 3 waliambukizwa korona, na upepo wa kiyoyozi ndio ulioshukiwa kuipeleka meza hadi meza. Siku hizi nakaa juu, nje, narushiwa maji ya chumvi mpaka Malindi. Nyinyi mnaosafiri na watoto wachanga mnafanyaje?