Bendi kongwe na albamu ya zamani: ni deni au ni marudio?

Machi 2008, wanaume wanne waliokwisha kuvuka miaka 60 walipanda jukwaani katika ukumbi wa Shepherd's Bush Empire, London, wakapiga albamu waliyoirekodi mwaka 1967 wakiwa vijana wa miaka ishirini na ushee. Bendi ni The Zombies ya Uingereza, albamu ni Odessey and Oracle. Ilikuwa imetimiza miaka 40 sokoni, na kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kuipiga yote, wimbo kwa wimbo, mbele ya watu. Walivunja bendi Desemba 1967. Santuri ikatoka Aprili 1968 kama mtoto aliyezaliwa baada ya baba kufariki.

Naanza na hao kwa sababu kila bendi kongwe ya roki inapotangaza kwamba itarudiana na kupiga albamu yake maarufu kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ubishi huwa uleule. Kuna wanaosema wazee wameishiwa, sasa wanatuuzia ujana wetu. Kuna wanaosema muziki mzuri hauchakai, tuacheni tuimbe. Nimewahi kusimama pande zote mbili, na kila upande nilikuta una hoja. Siku hizi, kabla sijakubali au kukataa, huuliza jambo moja: je, kati ya bendi hii na albamu hii kuna deni ambalo halijalipwa?

Kwa The Zombies deni lilikuwa wazi. Walipewa pauni 1,000 za kurekodi, wakaingia studio za kampuni ya rekodi ya EMI pale Abbey Road, London, muda mfupi baada ya The Beatles kumaliza kazi yao, wakakuta humo kinanda cha Mellotron. Hicho ni kinanda ambacho kila kitufe chake huchezesha kipande cha mkanda wenye sauti ya fidla au filimbi iliyokwisha kurekodiwa, kwa hiyo mtu mmoja anapata okestra ya kuazima. Ndicho kilichoipa albamu ile rangi yake. Fedha zilipoisha kabla ya kutengeneza toleo la stirio, Rod Argent na Chris White, watunzi wa nyimbo zote, walitoa za mfukoni. Halafu bendi ikafa. Mwaka 1969 wimbo unaofunga albamu, Time of the Season, ukapanda hadi nafasi ya 3 kwenye chati ya Marekani, na kwa kuwa wenyewe hawakuwepo, makundi ya watu wengine kabisa yakawa yanazunguka nchini humo yakijiita The Zombies. Watu walilipa kiingilio kuwaona. Colin Blunstone, mwenye sauti ile laini iliyomo kwenye rekodi, alikuwa ameajiriwa ofisini katika kampuni ya bima.

Ukiyajua hayo, huwezi kuiita ile ya 2008 biashara ya kumbukumbu. Ni kumbukumbu ya nini, ikiwa hakuna aliyewahi kuiona? Mpiga gitaa Paul Atkinson alikuwa amefariki mwaka 2004, na wanne waliobaki, yaani Argent, White, Blunstone na mpiga dramu Hugh Grundy, wakaongeza wanamuziki wa kusaidia ili kila tabaka la sauti lililokuwa kwenye mkanda lisikike. Wimbo wa kwanza ni wa mtu anayemwandikia mpenzi wake aliye gerezani, akihesabu siku za kutoka kwake. Kijana wa miaka 22 aliuimba kwa furaha ya kusubiri kitu kilicho karibu. Mtu wa miaka 62 anapoimba maneno yaleyale juu ya kurudi kwa aliyekuwa hayupo, maneno hayajabadilika hata herufi, lakini aliyesubiri na aliyesubiriwa wamekuwa mtu mmoja. Hilo rekodi haiwezi kukupa.

Sasa tuje kwa wapinzani. Hoja yao nzito kuliko zote haihusu fedha, ingawa fedha ndizo huzungumzwa zaidi. Inahusu uhai wa muziki wenyewe, na mfano wake bora naupata kwa Pink Floyd, bendi nyingine ya Uingereza.

Albamu yao The Dark Side of the Moon ilitoka Machi 1973, lakini jukwaani ilikuwepo tangu Januari 1972. Waliipiga mwaka mzima ikiwa haijakamilika, wakakata huku na kuunga kule, ndipo ikatulia kwenye mkanda. Jukwaa lilikuwa karakana yake. Waliporudi kuipiga yote katika ziara ya 1994, albamu ilikuwa haiwadai tena kitu cha namna hiyo, na Roger Waters, aliyeandika mashairi yake yote, alikuwa amejitoa tangu 1985.

Humo ndani kuna The Great Gig in the Sky, wimbo ambao sauti yake kuu haina maneno. Clare Torry aliitwa studioni mapema 1973, hakupewa mashairi, akaambiwa aimbe anavyosikia. Akapaza sauti, akalia, akashuka hadi kwenye mnong'ono, akaondoka na pauni 30. Miaka mingi baadaye alikwenda mahakamani kudai kutambuliwa kama mtunzi mwenza, na mwaka 2005 wakaafikiana nje ya mahakama. Mwaka 1994 kilio kile kiligawanywa kwa waimbaji watatu. Nimeangalia mara nyingi picha za onyesho lililorekodiwa Earls Court mwaka huo. Wanaimba vizuri mno, sina la kuwatoa kasoro. Lakini kila unapotarajia sauti ipasuke, inapasuka palepale, na kila inapopaswa kufifia, inafifia. Kitu kilichomtoka mtu siku moja bila yeye kujua kinakokwenda kimekuwa somo la kukariri. Ukumbi mzima unajua kilio kinachofuata kabla hakijalia.

Hapo ndipo mpinzani anaponishika. Kupiga albamu kwa mpangilio wake kunamnyima msikilizaji jambo ambalo tamasha lipo kwa ajili yake, yaani kutojua kitakachofuata. Tena mpangilio wenyewe ulipangwa kwa ajili ya santuri, dakika kama ishirini kila upande, ukimaliza unainuka kuigeuza. Jukwaa lina mahitaji mengine. The Joshua Tree, albamu ya 1987 ya bendi ya U2 kutoka Ireland, ina nyimbo zake tatu mashuhuri kuliko zote mwanzoni kabisa, moja, mbili, tatu. Kwenye santuri hiyo ni nguvu. Kwenye uwanja uliojaa watu ni kula nyama yote kisha kubaki na mchuzi kwa nusu saa.

Na bado ziara hiyohiyo ya U2, ya 2017, ndiyo iliyonirudisha kwenye swali la deni. U2 hawakuwahi kuvunjika, kwa hiyo si mfano kamili wa bendi iliyorudiana, ila albamu yao ilikuwa na wimbo mmoja yatima. Red Hill Mining Town, unaohusu mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa Uingereza wa 1984 na 1985, haukuwahi kupigwa jukwaani tangu albamu itoke. Miaka 30. Nyimbo za jirani zake zimepigwa mamia ya mara, huu ukaachwa. Ulipofika zamu yake mwaka 2017, hawakujaribu kuigiza rekodi ya 1987. Waliupiga kwa utulivu zaidi, na nyuma yao kwenye skrini kubwa ikatokea bendi ya tarumbeta ya Jeshi la Wokovu, aina ya muziki ambayo miji ya wachimbaji inaijua vizuri. Wimbo ukaenda karibu na watu unaowaimba kuliko ulivyokuwa kwenye santuri. Bila ule mpango wa kuipiga albamu yote, sidhani kama wangeugusa. Ratiba ya kawaida huwalinda wapendwa na kuwasahau wengine, na albamu nzima inawalazimisha wanamuziki kupita mlango walioufunga.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Mapato ya kuuza rekodi duniani yalianza kuporomoka baada ya 1999, na bendi zikasukumwa jukwaani zitake zisitake. Simlaumu mwanamuziki anayekula jasho lake, hasa yule ambaye mikataba ya ujana haikumwachia kitu. Kinachonisumbua ni pale albamu ya zamani inapokaa kwenye kiti cha kazi mpya. Pixies, bendi ya Marekani, walirudiana mwaka 2004. Mwaka 2009 walianza ziara ya kupiga Doolittle, albamu yao ya 1989, ilipotimiza miaka 20, na albamu mpya haikutoka hadi 2014, wakati mpiga besi Kim Deal alikuwa ameshaondoka. Karibu miaka kumi watu hawa walikuwa pamoja tena, na msikilizaji alipewa zaidi yale aliyokuwa nayo tayari. Doolittle jukwaani ilikuwa na moto, siwezi kukana. Hata hivyo nabaki na hisia kwamba ziara ile ililipa deni ambalo halikuwepo, na lililokuwepo, la kutupa kitu kipya wakiwa wanne, likapita.

Upande wa pili watanijibu kwamba nazungumza kama mtu aliyebahatika. Kijana wa miaka 20 anayeipenda Doolittle hakuchagua mwaka wa kuzaliwa, na huwezi kumwambia atosheke na rekodi kwa sababu wewe umechoka. Hilo nalikubali bila masharti. Nakubali pia kwamba siku hizi, ambapo nyimbo huokotwa mojamoja kwenye simu, kukaa na watu elfu kadhaa mkisikiliza albamu kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na ule wimbo wa tisa ambao nyumbani unaurukaga, ni adabu ya usikivu inayopotea.

Na kuna hoja yao moja ambayo sina jibu lake. Ni muda. The Stooges, bendi ya Marekani, waliipiga Fun House, albamu yao ya 1970, yote, London mwaka 2005. Mpiga besi wa rekodi ile, Dave Alexander, alikuwa ameshafariki tangu 1975, na nafasi yake ikachukuliwa na Mike Watt. Ndugu wawili, Ron Asheton kwenye gitaa na Scott Asheton kwenye dramu, walikuwepo. Gitaa la Ron ndilo albamu yenyewe: zito, lenye kurudia mstari mmoja hadi unahisi kichwa kinazunguka. Alifariki Januari 2009, na Scott akamfuata mwaka 2014. Mtu aliyebaki nyumbani mwaka 2005 akisema wazee wapumzike, kuanzia Januari 2009 hakuwa tena na nafasi ya kulisikia gitaa lile jukwaani.

Kwa Pink Floyd ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu deni lao sikulitafuta mahali lilipokuwa. Nyimbo hazikuwa zikidai chochote, hilo nimeshalisema. Waliodaiana ni watu. Mwaka 1994 walipiga The Dark Side bila Waters. Kuanzia 2006 hadi 2008 Waters akazunguka dunia akiipiga na bendi yake, bila mpiga gitaa David Gilmour. Albamu moja imegawanywa kama nyumba ya urithi. Mara ya mwisho wote wanne kuipiga yote pamoja ilikuwa Knebworth, Uingereza, Julai 1975.

Katikati ya miaka hiyo kuna jioni moja tu, tarehe 2 Julai 2005, tamasha la Live 8 katika bustani ya Hyde Park, London. Waters, Gilmour, mpiga dramu Nick Mason na mpiga kinanda Richard Wright walipiga pamoja kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 20, muda mfupi, nyimbo chache, mbili za mwanzo zikiwa za The Dark Side. Kwa mizani yangu ya muziki hakukuwa na jipya. Sauti zilikuwa zimezeeka, mpangilio ni uleule. Mwishoni walisogea mbele ya jukwaa, mikono mabegani mwa wenzao, wakainama pamoja. Wright alifariki Septemba 2008, miezi sita baada ya The Zombies kuimaliza albamu yao kule Shepherd's Bush.