Palizi ya Januari na tuhuma ya uvivu

Ukitaka kuwasha mjadala kwenye kijiwe cha kahawa hapa Dodoma, sema serikali iwe inampa kila mtu pesa kila mwezi bila sharti lolote. Hujamaliza sentensi utajibiwa kwamba watu wataacha kulima na pesa itaishia kilabuni. Mzee mmoja atakukumbusha habari ya mgeni na jembe.

Hofu hiyo inatoka kwa watu waliojitafutia kwa jasho, siidharau. Lakini nimeisikia zaidi kwa wenye mashamba makubwa, na nadhani najua kwa nini.

Njoo Chamwino, wilaya ya hapa hapa Dodoma, Januari. Mvua imeshanyesha, uwele umefika magotini, magugu nayo hivyo hivyo. Chakula cha msimu uliopita kimekwisha. Mama asiye na akiba anaamka alfajiri kwenda kupalilia shamba la mwenye nacho, jioni anarudi na mahindi ya kupika usiku huo. La kwake linasubiri. Akija kulishika Februari, uwele umeshadumaa. Anavuna madebe machache, na Januari inayofuata yuko tena kwenye shamba la mtu. Niliwahi kuona ekari mbili za mama wa namna hiyo zikipakana na shamba alilokuwa akilipalilia kwa ujira. Kwa tajiri mistari ilikuwa imenyooka, safi. Kwake uwele huuoni kwa magugu. Jembe lilikuwa ni lile lile.

Mama huyu akipata pesa ya unga mwezi huo, anabaki shambani kwake. Tajiri atakosa kibarua, na ataeleza kijiji kizima kwamba pesa za bure zimewafanya watu wavivu. Hatakuwa anasema uongo kuhusu alichokiona. Kibarua kweli hakuja. Ila kutokwenda shamba la mwenzako si kuacha kazi.

Kenya wamelipima jambo hili. Huko Siaya na Bomet shirika la GiveDirectly limegawa pesa bila masharti katika vijiji 195, vingine vikiahidiwa malipo ya miaka 12, takriban senti 75 za dola kwa mtu mzima kwa siku. Matokeo yaliyotolewa 2023 na watafiti, akiwemo mchumi Abhijit Banerjee, yalionyesha kwamba kwa jumla watu hawakupunguza kazi. Walichopunguza ni kazi za kuajiriwa, wakahamia kwenye shughuli zao wenyewe. Ulevi nao haukuongezeka. Nikiisoma taarifa ile nilikuwa naiona mipaka ya yale mashamba mawili.

Wanaotetea masharti wana ushahidi wao, tena wa hapa hapa. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ilipofanya majaribio ya ruzuku mwaka 2010 Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, kaya zilitakiwa kupeleka watoto shule na kliniki. Walengwa walijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii na kununua mifugo. Haya ni mafanikio, ila majaribio yale hayatuambii kilichofanya kazi ni sharti au ni pesa yenyewe. Kwa bibi ambaye zahanati iko mbali, sharti ni safari ya siku nzima.

Kinachonisumbua kweli ni hesabu. Sensa ya 2022 ilitupata watu milioni 61.7. Shilingi 20,000 kwa kila mmoja kwa mwezi ni trilioni 14.8 kwa mwaka, wakati bajeti yote ya serikali ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35. Asilimia 30 ya bajeti, kwa pesa isiyomfikisha mtu mwisho wa mwezi! Anayesema haiwezekani kwa wote leo, sina jibu la kumpa.

Kwa wazee inawezekana. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016 kwa kila aliyefika miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, bila mkutano wa kijiji kujadili nani ni maskini. Mikutano hiyo inaumiza. Mahali ambapo karibu wote hawana, aliyeandikwa na aliyeachwa wanatofautiana kwa mbuzi mmoja, na salamu zinakatika kwa miaka.

Kwa hiyo bara tuanze na wazee, bila sharti. Na kwa kaya zenye ruzuku sasa, huku kwetu kwenye mvua moja kwa mwaka, malipo ya msimu wa kilimo yafike Desemba, kabla magugu hayajaota.